Sukari ya mama ilishuka na mimi nikafurahia

Mama ana miaka 71, anaishi na mimi hapa Umoja tangu mzee atuache, na sukari ameishi nayo miaka kumi na nne sasa. Mimi ndio humpima. Asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni namdunga kidole, naweka tone kwa stripu, tunangoja, alafu naandika kwa daftari ya kurasa 48, na ikiwa chini ya 6 nachora tiki na kalamu ya kijani. Mwaka jana kuna mwezi ulijaa tiki tupu, hadi nikapiga picha ule ukurasa nikamtumia dada yangu kwa WhatsApp nikamwambia unaona, hii kitu tumeiweza.

Nilikuwa nimembana kweli. Chapati hakuna, ugali ngumi moja, chai kavu, na dawa zake mbili, metfomini na glibenklamidi, hazikupita siku hata moja. Hata akisema mwanangu leo sina hamu ya chakula, nilikuwa namwambia sawa mama lakini meza dawa. Hayo maneno bado yananiuma.

Usiku mmoja, kama saa kumi hivi alfajiri, nikasikia kitu kimeanguka chumbani kwake. Nilimpata amekaa kando ya kitanda, gauni imelowa jasho chapachapa, ananiongelesha huku akiniita jina la dada yake ambaye tulimzika kitambo. Mashine ikasoma 2.6, sukari imeshuka kupita kiasi. Nikakoroga sukari kwa maji, vijiko vitatu, mkono unatetemeka hadi kijiko kinagonga kikombe, nikamnywesha kidogo kidogo, na baada ya kama robo saa akaniangalia vizuri akaniuliza, "Kwani unalilia nini?"

Kliniki, daktari alichukua ile daftari akaipitia ukurasa baada ya ukurasa na hakusifu tiki hata moja. Akamuuliza mama, "Shosho, usiku huwa unaamkanga na jasho?" Mama akasema eeh, karibu kila wiki, yeye alidhani ni blanketi. Na mimi niko nyumba moja na yeye, sijawahi kumuuliza.

Daktari akanieleza kwamba glibenklamidi inasukuma kongosho litoe insulini, ile inayoshusha sukari, hata kama mtu hajala, inakaa mwilini muda mrefu, na figo za mtu mzee zinachelewa kuitoa, ndio maana Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya dawa muhimu linasema haifai kwa waliopita miaka 60. Akambadilishia gliklazidi, dozi ndogo. Alafu akasema kwa umri wa mama, na vile moyo wake uko, HbA1c (kile kipimo kinachoonyesha sukari ilivyokuwa kwa kama miezi mitatu) ikikaa kati ya 7 na 8 yeye ameridhika. Ya mama ilikuwa 5.7.

Akanitajia utafiti unaitwa ACCORD na nikaingia kuusoma usiku huo huo kwa simu. Ulifanyiwa Marekani na Kanada, watu 10,251, wote wana kisukari aina ya pili na wako kwa hatari kubwa ya ugonjwa wa moyo. Swali lao lilikuwa lile lile langu: kama sukari ya juu inaharibu moyo, si basi tuishushe hadi ilingane na ya mtu mzima wa afya, ataishi zaidi? Wakagawanya watu kwa bahati nasibu, ili asiwe daktari anayechagua nani aende wapi, nusu wakabanwa HbA1c yao ishuke chini ya 6, nusu wengine wakaachwa kati ya 7 na 7.9. Na kuna kamati ya kando ambayo kazi yake ni kuangalia takwimu zikiendelea kuingia. Hao ndio waliona kwamba upande uliobanwa, ule wenye namba nzuri, ndio ulikuwa unazika watu wengi zaidi, 257 dhidi ya 203. Februari 2008 kule kubana kukasimamishwa kabla ya muda wake. Sababu kamili wataalamu bado wanabishania mpaka leo.

Nilisoma hizo namba mara tatu. Daktari mmoja na wagonjwa wake hangeona hiyo tofauti hata kwa miaka ishirini, angeona tu tiki za kijani kama mimi.

Sasa tafadhali, mtu asisome hapa akatupa dawa za mzazi wake. Kuna utafiti mwingine wa Uingereza, UKPDS, ulianza 1977 ukatoa majibu 1998, watu 5,102 ambao ndio tu walikuwa wamegunduliwa kuwa na sukari, na hapo kuishusha mapema kulipunguza kwa robo madhara ya mishipa midogo, yaani mambo ya macho na figo. Kwa hivyo kijana wa miaka 40 aliyepimwa juzi na mama yangu si kesi moja, na ni hizi tafiti mbili zikiwekwa pamoja ndio zinakuonyesha hivyo. Jirani yetu anauza unga fulani kwa mkebe ati unamaliza sukari kabisa, na akija namuuliza tu, mama, wangapi wamekunywa, na wangapi walianguka usiku, nani alihesabu? Simuulizi kwa ubaya. Swali hilo nilipaswa kujiuliza mimi kwanza.

Kalamu ya kijani niliitoa kwa daftari. Nimeongeza safu mbili, moja ya kuandika kama alikula jana usiku, na moja ya jasho. Leo asubuhi mashine imesoma 7.8, jasho hakuna, na mama amekunywa chai na nusu chapati akaniuliza ile nusu ingine namwekea nani.