Siku moja ya mratibu wa utafiti, msimu wa korosho

Saa 10:30 alfajiri. Alamu ya simu inaniamsha kabla ya adhana. Huu ndio muda wangu wa shule: nasoma shahada ya uzamili ya majaribio ya kitabibu kwa njia ya masafa. Chuo kiko London, mimi niko Chikongola, na bando la usiku linaisha saa 12. Kazi niliyopewa ni kuandika mpango wa kuwafuatilia washiriki ili wasipotee. Wakipotea wengi matokeo hayaaminiki tena, maana huenda waliopotea ndio hasa wale ambao dawa iliwakataa. Hilo sina ubishi nalo. Ila walioandika masomo haya hawajaishi Mtwara mwezi wa 11. Huku mtu hapotei, anahamia shambani.

Saa 1:15 asubuhi. Nimefika kazini. Chai baadaye, kwanza chumba cha dawa: nasoma kipimajoto, kiwango cha juu na cha chini tangu jana jioni. Vidonge vyetu havitakiwi kuvuka nyuzi 30, na usiku umeme ulikatika. Juu kabisa ni 28.4. Jenereta imenistahi. Naandika, natia saini na tarehe.

Utafiti wenyewe unalinganisha dawa mbili za presha. Vidonge vinafanana, si mimi, si daktari wala mgonjwa anayejua nani anameza ipi. Bahati yetu hakuna kundi la kidonge kitupu, kisicho na dawa ndani, kwa sababu watu wangu wa vitabuni hukiita "dawa bandia", na mtaani dawa bandia ni feki, ya kupigiwa simu polisi.

Saa 2. Barua pepe ya monita, mkaguzi wa fomu zetu, kutoka Dar, hoja sita. Ya tano inaniua: mshiriki mmoja fomu yake inasema amemeza kidonge 02:00. Nani anaamka saa nane za usiku kumeza kidonge cha presha? Mshiriki alisema "saa mbili", na aliyejaza akajaza saa mbili. Aliyejaza ni mimi. Nampigia kwanza, sibahatishi. "Asubuhi, baada ya chai, dada." Nachora mstari mmoja juu ya kosa, lenyewe liendelee kusomeka, pembeni naandika 08:00, saini, tarehe. Wino mweupe wa kufutia haukanyagi ofisi hii.

Halafu orodha ya leo, na hapo ndipo siku inapobadilika. Namba 47 hajaja. Hudhurio lake la kutimiza miezi mitatu kwenye utafiti linaruhusiwa kuchelewa siku saba, na ya saba ni leo. Kwenye makaratasi hana jina. Mimi namwita Bibi. Simu yake haipatikani. Namtafuta mhudumu wa afya wa kijijini.

"Bibi yuko dunguni tangu wiki iliyopita. Korosho zinadondoka, dada, unadhani atakaa nyumbani kukungoja wewe?"

Saa 3:20. Tumeondoka. Tukipita Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa korosho, dereva hakosi utani wake: "Wenzenu hawa wana raha. Mkorosho ukiurudia kesho unaukuta palepale." Nacheka, lakini naiandika kwenye simu. Itaingia kwenye kazi ya shule.

Baada ya Nanyamba gari linaachwa, tunachukua njia ya miguu. Harufu ya mabibo inakupokea kabla hujaona mtu.

Saa 5. Bibi kainama chini ya mkorosho, ndoo pembeni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuokota au kupima?"

Nimekuja kupima, lakini siwezi kumpima aliyetoka kubeba ndoo. Anatakiwa atulie dakika tano, mgongo uegemee, miguu iguse chini, asiongee. Mgongo tunauegemeza kwenye shina. La kutoongea ndilo gumu. Kila dakika anakumbuka jambo la kumwambia mjukuu. Mimi naokota korosho zake wakati saa inakwenda. Vipimo vitatu: cha kwanza kiko juu, cha tatu kimetulia. Vidonge anavitoa kwenye pindo la kanga. Nahesabu: vilitakiwa vibaki saba, viko tisa. "Siku mbili zile nilishinda ghalani, nikasahau." Naandika tisa, na sababu kwa maneno yake. Simgombezi. Siku utakayomgombeza mshiriki ndiyo siku atakayoanza kukutupia vidonge shimoni ili hesabu ikupendeze.

Kisha fomu ya ridhaa. Tumeibadilisha, kamati ya maadili imeipitisha, hivyo kila mshiriki anaelezwa upya. Kilichotusumbua ni neno moja: namna watu wanavyogawanywa kwenye makundi. Toleo la kwanza lilisema "kwa bahati nasibu". Mzee mmoja akanirudishia kalamu: "Mimi kamari sichezi." Toleo la pili tukaweka "kura". Tukaulizwa anagombea nani. Hili la tatu linasema ni kama watoto wanaochomoa vijiti vilivyofichwa ncha kiganjani.

"Aliyenichomolea mimi nani?" Bibi anauliza.

"Kompyuta, Bibi."

"Inanijua?"

"Haikujui."

"Basi haina upendeleo."

Nimesoma kurasa nyingi kuhusu jambo hilihilo. Kwenye jaribio la dawa ya streptomaisini la Uingereza lililochapishwa mwaka 1948, mtakwimu Austin Bradford Hill aliweka mgawo ndani ya bahasha zilizofungwa, ili daktari asijue mapema nani anakwenda kundi gani, asije akampendelea amuonaye ana nafuu. Wagonjwa 107 wa kifua kikuu. Bibi kayafikia hayo chini ya mkorosho.

Namwomba anieleze yeye sasa, kwa maneno yake. "Nikichoka natoka, na zahanati watanitibu vilevile." Hasomi, kwa hiyo ataweka dole gumba, na lazima awepo shahidi asiye wa kwetu. Mhudumu hafai, tunamlipa posho. Mjukuu ana miaka 14. Jirani mmoja anaacha ndoo yake, ananawa utomvu, anamsomea Bibi fomu nzima kwa sauti bila haraka, halafu anasaini. Robo tatu ya saa. Ofisini mtu angesema nimepoteza muda.

Saa 8 mchana. Ming'oko na chai ya rangi kando ya barabara. Simu: mshiriki mwingine kaanguka kutoka juu ya mkorosho, kalazwa. Kulazwa tu kunatosha kuliita tukio zito, na mdhamini wa utafiti anatakiwa kujua ndani ya saa 24 tangu nilipopata habari. Dereva anashangaa: "Sasa tawi kuvunjika ni dawa?" Huenda ni tawi. Lakini dawa za presha zinaweza kumletea mtu kizunguzungu, na mwenye kizunguzungu huanguka. Kupima lipi ni lipi ni kazi ya daktari mkuu wa utafiti na wenzake. Yangu ni kuripoti saa, mahali, alichokula, alichomeza, bila kulipunguza wala kulinakshi.

Saa 10 jioni hadi magharibi: ripoti hiyo, hospitali kumwona (mkono umevunjika, anacheka), kuingiza data. Hakuna cha kusimulia.

Saa 2:30 usiku. Nyumbani, mbele ya kazi ya shule. Nafuta sehemu niliyoandika alfajiri kuhusu kupiga simu mara tatu kabla ya kumhesabu mtu amepotea. Naweka maswali ya kuulizwa siku ya kwanza kabisa: msimu wa korosho unalala wapi? Shamba la nani, kwa njia ipi? Nani kijijini anajua uliko? Wajukuu wanaingia jando au unyago lini? Kisha naweka siku saba kwenye mabano na alama ya kuuliza. Kuziongeza ni kurudi tena kwa kamati, na kamati ina foleni yake.

Simu inaita, namba nisiyoijua. Ni mjukuu wa Bibi, kapanda mahali penye mtandao.

"Dada nesi, Bibi anasema uandike, kidonge cha leo kameza saa mbili."

"Saa mbili asubuhi au usiku?"

Namsikia anauliza, na Bibi anajibu kwa mbali, kwa sauti ya mtu aliyechoka na mwanafunzi mzito.

"Usiku huu huu, dada. Asubuhi si ulikuwa hujafika kumkumbusha?"

Naandika: 20:00, kwa simu, kupitia mjukuu. Saini. Tarehe.