Mfuko wa Jumbo Ni Chombo cha Kunyanyulia, Si Kiroba Kikubwa

Anayefanya kazi katika maghala ya Kurasini, Dar es Salaam, hupishana kutwa nzima na mifuko ya jumbo, ile mikubwa yenye vishikio vinne inayobeba tani moja hivi ya mzigo mkavu: iliyojaa salfa inayosubiri malori ya kwenda Zambia na Kongo, iliyojaa haidroksidi ya kobalti iliyoteremka kutoka Kolwezi, mji wa migodi huko Kongo, na mitupu iliyokunjwa na kufungwa marobota pembeni. Kwa kuwa imeshonwa kwa kitambaa cha polipropilini (aina ya plastiki), kilekile kinachoshonewa viroba vya sembe, wengi huichukulia kuwa ni viroba vilivyokuzwa tu, na hapo ndipo yanapoanzia matatizo mengi ninayoyashuhudia kazini. Mimi naiweka kundi moja na minyororo na mikanda ya winchi, na naona kwamba msimamizi wa ghala anapaswa kuikagua kama anavyokagua vifaa hivyo.

Kilichoupa mfuko huu nafasi yake katika biashara ni jinsi ulivyo ukiwa mtupu. Pipa la chuma la lita 200 lina uzito wa takriban kilo 20 na linachukua nafasi ileile likiwa limejaa au halina kitu, ilhali mfuko wenye uzito wa kilo mbili au tatu hubeba tani nzima ya mzigo, na ukishamwagwa hulala bapa ukakunjika kama shuka. Yapo pia makasha ya plastiki ambayo kuta zake hulazwa juu ya kitako chenye umbo la paleti. Hayo ni imara na hudumu miaka, lakini yanalipa pale tu ambapo kasha lina hakika ya kurudi kwa mwenyewe, kwa mfano kati ya kiwanda cha vipuri na kiwanda cha magari kilicho jirani. Sioni nani angelirudisha kutoka migodi ya Katanga, kusini mwa Kongo. Kwa vimiminika kuna mfuko mmoja mkubwa unaotandazwa ndani ya kontena la futi 20 na kujazwa hadi lita 24,000 za mafuta ya kula au bidhaa nyingine isiyo hatari. Huo nao kwa kawaida hutumika mara moja tu.

Turudi kwenye jumbo. Kila mfuko uliotengenezwa kwa kufuata kiwango cha kimataifa, ISO 21898, una lebo iliyoshonewa ubavuni, na kwenye lebo hiyo mambo mawili hayana budi kusomwa kabla ya mengine yote. La kwanza ni uzito unaoruhusiwa, ambao aghalabu huwa kati ya kilo 500 na 2,000. La pili ni uwiano wa usalama, unaoandikwa 5:1, 6:1 au 8:1. Mfuko wa tani moja wenye alama ya 5:1 umetokana na muundo ambao sampuli yake ilinyanyuliwa mara 30 ikiwa na mzigo maradufu ya uzito wake halali, kisha ikavutwa hadi mara tano ya uzito huo bila kuachia. Ule wa 6:1 hupitia mtihani mkali zaidi, yaani mara 70 kwa mzigo wa mara nne, kisha mara sita. Tofauti hiyo si ya tarakimu tu, kwani wa 5:1 umekusudiwa kujazwa mara moja na kumwagwa mara moja, na wa 6:1 ndio ulioandaliwa kurudiwa kutumika. Nimewahi kubishana kwa muda mrefu na mteja aliyetaka mifuko yake ya 5:1 ijazwe upya kwa sababu ilionekana mipya, akisisitiza kwamba kama inaweza kubeba tani tano, basi tani moja kwa mara ya pili ni kitu kidogo. Hesabu yake ilisahau kwamba ile akiba ya mara tano imewekwa kwa ajili ya mitikiso ya foklifti, breki za ghafla, mishono iliyochoka na jua.

Jua ndilo adui ninayemhofia kuliko wote. Polipropilini huoza kwa mionzi yake, na ndiyo maana watengenezaji huchanganya humo dawa ya kuikinga. Kiwango kinataka kitambaa na mikanda vibakize angalau nusu ya nguvu zake baada ya kumulikwa kwa saa 200 chini ya taa maalumu, jambo ambalo haliwezi kugeuzwa kuwa ruhusa ya kuiacha mifuko uwanjani Dar es Salaam kuanzia Desemba hadi Machi. Mzee mmoja anayeendesha foklifti hapa kwetu haanzi na lebo. Hushika kishikio kwa vidole viwili, akakisugua na kukipinda, kisha akatazama vidole vyake. Vikibaki na unga mweupe na nyuzi zilizokatikakatika, husema, "Huu umekufa, msiutie kitu," na hakuna anayebishana naye. Unga huo ni plastiki yenyewe inayomeguka, nao huanza kuonekana kwenye mikunjo ya juu ya vishikio, mahali ambapo jua hupiga moja kwa moja na ambapo ndipo mzigo wote huning'inia.

Upo pia usalama wa umeme tuli, ambao kwa anayeshughulika na salfa si jambo la kupuuza. Salfa hupelekwa migodini kuchomwa ili ipatikane asidi ya kuyeyushia shaba na kobalti, na vumbi lake hulipuka kwa cheche ndogo sana. Mzigo mkavu unapomiminika kuingia au kutoka mfukoni, msuguano hujaza chaji kwenye kitambaa. Kwa sababu hiyo mifuko imegawanywa katika aina nne: A haina kinga yoyote, B hupunguza tu makali ya cheche, C imefumwa kwa nyuzi zinazopitisha umeme na lazima iunganishwe na waya wa ethi, yaani unaopeleka umeme ardhini, wakati wa kujaza na kumwaga, na D hutawanya chaji pasipo waya. Mfuko wa aina ya C ambao mtu ameacha kuufunga ethi ni hatari kuliko hata wa kawaida, kwa kuwa chaji yote iliyokusanyika kwenye nyuzi zile inaweza kuruka kwa mkupuo.

Kuhusu unyanyuaji nitasema machache: vishikio vyote vinne vitumike na vining'inie wima, kingo za uma wa foklifti ziwe butu au zivishwe mpira, na makuli wasipite chini ya mfuko ulio hewani, hata kama ni kwa kufungua mdomo wa chini tu.

Linalobaki ni maisha ya pili ya mifuko hii, ambayo mjini kwetu ni marefu. Wanunuzi wa chupa za plastiki huipakia chupa hadi ikafura na kuifunga juu ya maguta, mafundi ujenzi hutilia mchanga, na baadhi ya watu huitandaza na kuanika muhogo juu yake bila kuuliza ilikuwa na nini. Napendekeza mifuko iliyobeba kemikali isiuzwe kabisa, na ile iliyobeba vitu visivyo na madhara ikatwe vishikio vyote kabla ya kutoka getini, ili asitokee mtu wa kuitundika kwenye winchi ikiwa na kokoto. Wanunuzi hawalifurahii jambo hilo, kwani vishikio ndivyo wanavyofungia kamba kwenye guta, na mfuko uliokatwa hushuka bei. Tajiri yangu alilalamikia hasara hiyo kwa muda, kisha akakubali kwamba kisu kikae mezani kwa karani wa geti.