Nimevuka bahari nije kupasua kuni

Jumamosi mama mmoja wa Kizungu aliniangalia mara moja tu, akanipa fomu. Fomu ya waombaji wa kuni. Nilikuwa na buti za kazi na glavu mkononi, nimesimama na wazee waliokuja kujitolea, na wale walionitangulia wote aliwaelekeza kwenye magogo bila kuwauliza kitu. Mimi ndiye niliyeonekana natetemeka nyumbani kwangu. Nikamwambia nimekuja kupasua, sikuja kuchukua. Akasema "Oh!", akacheka, akaniletea miwani ya kukinga macho na kikombe cha kahawa. Kahawa nilikunywa. Ile "Oh" bado imenikaa kooni.

Niwaeleze kwanza ni shughuli gani hii, maana mama yangu nilipompigia alidhani nimefukuzwa kazi.

Niko Maine, kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani. Jimbo la misitu na theluji. Nyumba nyingi huku zinapashwa joto kwa mafuta yanayoletwa na lori na kumiminwa kwenye tenki. Na lori haliji kwako kwa lita tano za kuungaunga: kampuni nyingi zinataka uchukue walau galoni 100. Ikiwa galoni ni dola tatu na nusu, hizo 100 ni karibu shilingi laki tisa za kwetu Tanzania, na Januari ikiwa kali yanaisha kabla mwezi haujaisha. Msaada wa serikali upo, ila hautoshi msimu mzima. Basi vijijini wengi wana jiko la chuma sebuleni, wanachoma kuni. Kuni nazo zinauzwa, tena ghali. Ndipo watu wakabuni kitu wanachokiita benki ya kuni. Wakata miti na wenye mashamba wanaleta magogo bure, mengine yameangushwa na dhoruba, halafu watu wa kujitolea wanakata, wanapasua na kupanga. Aliyekwama anakuja kubeba, na asiye na gari anapelekewa.

Kipimo chao ni rundo lililopangwa futi 4 kwenda juu, futi 4 upana na futi 8 urefu. Nyumba isiyo na joto jingine inamaliza marundo kadhaa kwa msimu. Wenzangu wanalitaja kwa heshima, mimi mtoto wa Urambo, Tabora, nacheka kimoyomoyo. Sisi tuliokulia pembeni mwa bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku kwa moto, tunajua kuni zinavyoliwa. Bani halilali. Moto unachochewa usiku na mchana, joto likikosewa msimu mzima umeharibika, na baba alikuwa anahamia huko na mkeka wake. Mitundu na miyombo iliingia mle mkokoteni kwa mkokoteni. Aliyepita njia ya Kaliua siku hizi ameona pengo lake. Kuni za bani zilikuwa za wanaume na ng'ombe. Za ugali zilikuwa za mama, kichwani.

Huku kuna mashine ya haidroliki, unaweka gogo, unavuta mkono, linapasuka taratibu. Chenso hushiki mpaka wajue umefundishwa, tena uvae suruali maalumu inayokwamisha mnyororo ukikugusa. Nikamkumbuka fundi mmoja kwetu, kandambili na bukta, chenso begani.

Kulikuwa na gogo la mwaloni lenye fundo, mashine imelishindwa. Mwalimu mstaafu, mzee kabisa, akanipa shoka lao zito lenye kisogo cha nyundo, kwa macho ya kunipima. Nililizunguka kwanza nikatafuta ufa. Pigo la pili lilitoboa, la tatu likaachanisha. Akaniuliza nimejifunza wapi. Nikasema Tabora. Akatikisa kichwa kana kwamba anapajua, na mimi nikamwacha hivyo hivyo. Nilijisikia vizuri kuliko nilivyojisikia siku waliponipa karatasi za ukaazi, na ninaandika hili bila aibu.

Kuni za leo si za leo, ni za msimu ujao. Mbichi zikichomwa zinagandisha lami ndani ya bomba la moshi, na lami hiyo siku ikiwaka inaondoka na nyumba. Wana kifaa chenye misumari miwili cha kupima unyevu. Ukizidi asilimia 20, hazitoki. Mama yangu anagonganisha vipande viwili, anasikiliza, basi. Na msidhani TFS, wakala wa misitu, na mageti yake ni balaa la kwetu peke yetu: Maine huruhusiwi kuingiza kuni kutoka jimbo jingine kama hazijapitishwa kwenye joto la kuua wadudu.

Hapa niseme na wewe unayeuza kiwanja Isevya ili uje. Kabla hujasaini nyumba, uliza kama joto limo ndani ya kodi. Usiulize uzuri wa jiko wala zulia, uliza joto. Na ukizidiwa na baridi usije ukaingiza mkaa ndani. Ile hewa yake ya sumu haina harufu, na madirisha ya huku yamezibwa kweli kweli.

Kilichonichanganya siku ile ni mzee mmoja mwenye kofia ya wapiganaji wa Vietnam. Alirudisha pikapu kinyumenyume mpaka kwenye rundo, hakushuka. Hakutazama kioo wala nini. Vijana wa sekondari wakampakilia, hakuna aliyemuuliza mshahara wala jina, yule mwalimu akagonga bodi mara mbili, gari likaondoka. Uungwana mtupu. Lakini nchi iliyompa bunduki na kumvusha bahari inashindwa vipi kumpa joto, mpaka asubiri migongo ya wastaafu wenzake? Nilipomweleza mama, akauliza, "Kwani baba, huyo mzee hana watoto?" Nikasema huenda wapo, majimbo ya mbali. Akanyamaza, na mimi nikajua nani anasemwa.

Kwetu ukifiwa kuni zinafika kabla ya ndugu wa Nzega. Vijana wanagombea shoka pale msibani. Ila mama huyo huyo, na miaka yake, bado anafuata kuni porini siku za kawaida, na vijana wenye mashoka wamekaa kijiweni wanamwamkia. Serikali imesema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Mtungi anao, nilimnunulia mimi. Anachemshia chai tu. Maharage anasema yanamaliza gesi, na hajakosea.

Nimemtumia hela ya kujaza. Kaka anasema mbolea imeshapanda bei, kwa hiyo naijua inakokwenda.