Nilivyoendesha masomo ya ziada mtandaoni kwa wanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza

Mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza hafeli kwa uvivu, kama wengi wanavyodhani. Niliokaa nao mimi walikuwa wanasoma mpaka macho yanawauma. Mhadhiri anataja kesi kumi ndani ya saa moja, wao wanaandika majina yote kumi, wanayapaka rangi ya njano, wanayameza. Kisha swali la mtihani linawaletea muuzaji na mnunuzi wasiotajwa katika kesi yoyote kati ya hizo, wanagombania baiskeli, na mwishoni wanaambiwa wamshauri mmojawapo. Majina yote yapo kichwani, ushauri hauonekani.

Wakati huo nilikuwa mwaka wa mwisho, nimeingizwa kwenye kundi lao la WhatsApp nijibu maswali ya ratiba na kumbi za mihadhara. Maswali ya ratiba yaliisha mapema. Yakaanza ya mikataba, ya jinai, ya madhara (makosa ya kumdhuru mtu anayeweza kudai fidia), karibu yote usiku, na mengi yalikuwa swali lilelile linalorudi kwa midomo tofauti. Kumjibu kila mtu peke yake kwa ujumbe wa sauti kulikuwa kunanimaliza, nikapendekeza tukutane kwa video jioni mbili kwa wiki, anayetaka aje. Kabla ya kuanza nilimweleza mhadhiri wao ninachokusudia. Aliniomba jambo moja tu: nisiguse kazi wanazokusanya kwa alama. Ombi hilo lilinifaa mimi kuliko lilivyomfaa yeye, maana kila aliyenifuata pembeni na "dada, nisaidie hiki kidogo tu" alikuta jibu limeshatolewa na mkubwa.

Niliamua tangu mwanzo kwamba sitarudia mihadhara. Aliyekosa mhadhara atafute notisi kwa wenzake. Kwangu kila kipindi kilikuwa cha hukumu moja, na isomwe hukumu yenyewe, si muhtasari wake. Hapo manung'uniko hayakukosekana. Muhtasari ni nusu ukurasa, hukumu ni kurasa tele za Kiingereza cha karne ya 19. Lakini anayekupa muhtasari ameshakufanyia kazi yote uliyokuja kujifunza: ameshachagua mambo gani ya kesi yana uzito na yapi ni mapambo, ameshaamua jaji alikuwa anajibu swali gani, ameshakutafutia sababu inayoibeba hukumu. Kinachobaki kwako ni kukariri. Na mtu aliyekariri hukumu kumi ambazo hajawahi kuzifungua ni rahisi sana kumtambua katika karatasi ya mtihani.

Kuzipata si tatizo la fedha. Chuo Kikuu cha Cornell kilianza kuweka sheria bure kwenye intaneti mwaka 1992, AustLII ya Australia ikafuata 1995, na BAILII ya Uingereza na Ireland ikaanza 2000. Leo nchi nyingi zina hazina yake ya aina hiyo. Nilishangaa ni wangapi waliokuwa wananunua vijitabu vya muhtasari ilhali hukumu nzima iko wazi kwenye simu zao.

Kikwazo halisi kilikuwa kusoma rejea, yaani ile anwani fupi inayoonyesha hukumu iko kwenye mfululizo gani wa vitabu, juzuu gani na ukurasa gani. Kipindi cha kwanza karibu chote kiliishia kwenye mabano. Ukiona [1893] 1 QB 256, mabano ya mraba yanakwambia kwamba mwaka ni sehemu ya anwani: bila huo hulipati juzuu. Ukiona (1854) 9 Exch 341, mabano ya mviringo yanakwambia kesi iliamuliwa lini, lakini juzuu utalipata kwa namba yake hata mwaka ukifutika. Ni jambo dogo ambalo hakuna anayelifundisha kwa sababu kila mtu anadhani mwenzake ameshalifundisha.

Hukumu za Uingereza za kuanzia 2001 zina namba za aya, ila nyingi tunazosoma mwaka wa kwanza ni za kale na hazina. Katika video hilo ni balaa. Kila mtu ana simu ya ukubwa wake, ukisema "angalia ukurasa wa tatu katikati" kila mmoja anatazama mahali pake. Kwa hiyo nilinakili hukumu kwenye faili jepesi, nikaziwekea aya namba mwenyewe pembeni kwa rangi nyekundu, nikalituma siku moja kabla. Juu ya faili niliandika kwa herufi kubwa kwamba namba ni zangu na zisitokee kwenye mtihani. Baada ya hapo mtu akisema "aya ya 14" sote tuko mahali pamoja, na ubishi ukawa ubishi wa kweli.

Kipindi chenyewe kilienda hivi. Dakika kumi za mwanzo ni kimya, kamera zimezimwa, kila mtu anasoma aya nilizotaja. Kimya hicho kilikuwa kigumu kwangu kuliko kwao, kwa sababu mtu ukiitwa mwalimu unajisikia kama unaiba muda usipoongea. Kisha nauliza swali moja. Kila mtu anaandika jibu la sentensi moja kwenye sehemu ya ujumbe lakini hatumi. Nahesabu moja, mbili, tatu, na wote wanatuma kwa pamoja. Mtindo huu ulibadilisha mambo kuliko kitu kingine chochote nilichojaribu. Ukiuliza kwa mdomo wanajibu walewale watatu, na wengine wote wanaandika "nakubaliana na aliyetangulia". Wakituma kwa mpigo hakuna aliyetangulia.

Carlill v Carbolic Smoke Ball Co ndiyo ilinionyesha kwamba njia inafaa. Kampuni ilitangaza gazetini mwaka 1891 kwamba italipa pauni 100 kwa yeyote atakayepata homa ya mafua baada ya kutumia kifaa chao mara tatu kwa siku kwa wiki mbili, kama maelezo yanavyosema. Wakaongeza kwamba wameweka pauni 1,000 benki kuthibitisha hawatanii. Bi Carlill akanunua, akatumia, akaugua, akadai chake. Mahakama ya Rufani ikampa haki Desemba 1892, na kwa kuwa iliripotiwa katika juzuu la mwaka uliofuata, ndiyo maana inatajwa kama ya 1893. Somo la mabano likapata kazi papo hapo.

Niliuliza: kwa nini alishinda? Moja, mbili, tatu. Sehemu kubwa ya majibu yalisema kampuni ilidanganya. Nikawaomba wanitafutie aya ambamo majaji watatu, au hata mmoja wao, anajenga uamuzi juu ya udanganyifu. Kimya kirefu, wakiperuzi. Kijana mmoja akasema taratibu, "Haipo." Basi kama haipo, alishinda kwa nini? Ndipo wakaanza kusoma kwa njaa. Mmoja akaja na zile pauni 1,000 za benki. Mwingine akampinga kwamba hizo ni ushahidi tu wa nia, si sababu. Nikawauliza: zitoeni hizo pauni 1,000, matokeo yabaki au yabadilike? Wakagawanyika katikati.

Halafu ikaja hoja ya kampuni kwamba Bi Carlill hakuwaarifu kuwa amekubali. Niliwaacha wahangaike nayo hadi mmoja akafika kwa Jaji Bowen na mfano wake wa mbwa aliyepotea: nikitangaza zawadi kwa atakayenirudishia mbwa, hakuna anayetegemea watu waniandikie kwanza barua kwamba wamekubali kumtafuta. Wanamtafuta. Binti aliyeipata aya hiyo aliisoma kwa sauti ya mtu aliyeokota fedha njiani. Muda ulikuwa umekwisha na hakuna aliyetoka.

Donoghue v Stevenson ilitoa jambo jingine. Kila mtu anaijua: konokono ndani ya chupa ya kinywaji cha tangawizi, Paisley huko Scotland, 1928, mnywaji akadai ameugua na kumshtaki mtengenezaji, na mabwana watano wa House of Lords, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, wakatoa uamuzi 1932. Wasichokijua wengi ni kwamba konokono yule hakuwahi kuthibitishwa. Swali lililofika juu lilikuwa la kisheria tu: tukichukulia kwamba anayosema mdai ni kweli, je, sheria inampa dai? Wanafunzi walikasirika kidogo, kama watu waliotapeliwa, na hasira ile ikawafunza tofauti ya ukweli uliothibitishwa na ukweli uliochukuliwa kuliko maelezo yoyote ambayo ningetoa mimi.

Katika kipindi hichohicho mmoja alinukuu aya nzuri sana, yenye mantiki iliyonyooka, kwamba mtengenezaji hana wajibu kwa mtu asiye na mkataba naye. Aliinukuu kama ndiyo sheria. Nikamwuliza, aliyesema hayo ni nani? Lord Buckmaster. Na Buckmaster alikuwa upande gani? Uamuzi ulikuwa wa watatu dhidi ya wawili, na yeye alikuwa kati ya wawili. Tangu siku hiyo kabla ya kusoma hukumu yoyote yenye majaji zaidi ya mmoja tulianza kwa kuandika juu ya karatasi nani alishinda na nani alipinga. Ukiniuliza, hii peke yake ingestahili semina nzima ya chuo.

Kuhusu vifaa sina mengi. Bando ni tatizo la kila mtu, kwa hiyo kamera tulizizima karibu muda wote, na sikurekodi video. Baada ya kipindi nilituma ujumbe wa sauti mfupi, na nilikuwa namwachia mwanafunzi mmoja autengeneze badala yangu, kwa zamu. Aliyejua zamu yake imekaribia alisikiliza kwa masikio mengine. Kwa waliokuwa na mtandao mbovu nilikubali wajibu kwa maandishi kwenye kundi kabla ya saa sita usiku, na baadhi ya majibu bora yalitoka kwao, pengine kwa sababu walikuwa na muda wa kufikiri.

Lilijitokeza na suala la akili mnemba. Mwanafunzi alileta kesi inayojibu swali letu sawasawa, ina jina zuri, ina mwaka, ina rejea, ina hata maneno ya jaji. Tuliitafuta pamoja, nikiwa nimeshea skrini, kila hazina tunayoijua. Haikuwepo duniani. Sikumkemea, niliwasimulia tu yaliyotokea New York mwaka 2023, katika Mata v Avianca, ambapo mahakama ya shirikisho iliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hoja zenye kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Kama mawakili wenye leseni walinaswa, mwaka wa kwanza atapona? Tukaweka sharti: kesi ambayo hujaifungua kwa mkono wako, usiitaje katika kipindi.

Nusu ya pili ya muhula niliihamishia kwenye kuandika. Ule mpangilio wa suala, sheria, matumizi na hitimisho kila mtu anaujua, na kila mtu anaanguka palepale, kwenye matumizi, yaani kuipachika sheria kwenye mambo ya swali lenyewe. Nilitunga swali: muuzaji ametuma ujumbe kwamba anauza baiskeli yake kwa bei fulani, mnunuzi akajibu, "Naweza kulipa kwa awamu mbili?" Muuzaji hakujibu. Kesho yake mnunuzi akaandika, "Sawa, naichukua kwa bei yako." Jibu la kwanza nililopata lilikuwa mstari mmoja: kwa mujibu wa Hyde v Wrench ya 1840, hakuna mkataba.

Nikaliweka kwenye skrini bila jina la mwandishi, nikaongeza mbele yake maneno "kwa sababu", nikawaambia waendelee. Katika Hyde v Wrench muuzaji alitaka pauni 1,000 kwa shamba, mnunuzi akasema 950, na kwa kusema hivyo akaua pendekezo la kwanza. Je, mnunuzi wetu ametaja bei nyingine? Hajataja. Ameuliza. Hapo mmoja akakumbuka Stevenson, Jacques & Co v McLean ya 1880, ambapo wanunuzi wa chuma waliuliza kwa telegramu kama wanaweza kupewa miezi miwili ya kupokea mzigo, na mahakama ikaona hilo ni swali tu, pendekezo lingali hai. Ubishi ukahamia kwenye alama ya kuuliza: ingekuwaje kama mnunuzi angeandika "Nitalipa kwa awamu mbili", pasipo alama hiyo? Mwisho wa saa ile aya ya mstari mmoja ilikuwa imekuwa nusu ukurasa, na baiskeli ilitajwa karibu kila sentensi. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta. Mtahini ameshajua Hyde v Wrench inasema nini, anataka kuona umeifanyia nini baiskeli.

Wiki ya mwisho kabla ya mitihani nilifunga vipindi. Walilalamika, lakini kuingia mtandaoni siku hizo kunageuka kikao cha kutishana, nani amesoma nini, nani amesikia swali gani litatoka. Nilibaki najibu maswali ya maandishi tu, na sharti la kuyajibu lilikuwa mwulizaji ataje aya.

Sasa vipindi wanaviendesha wawili kati yao, wameshaingia mwaka wa pili. Nimewakabidhi mafaili yenye namba nyekundu na sharti la mhadhiri kuhusu kazi za alama. Wanataka kufungua na R v Dudley and Stephens ya 1884, ile ya mabaharia waliomwua mhudumu wa merikebu wakamla, kwa sababu inavuta watu. Nimewashauri waiweke mwisho wa muhula, maana watu wakishaanza kubishana kama wao wangekula au wasingekula, huwezi tena kuwarudisha kwenye aya.