Tamthilia mpya ya mchana, na hela ya sabuni nyuma yake

Jamani hii kitu nimekaa nayo moyoni muda, leo naiandika. Tarehe 24 Februari 2025, saa nane mchana kwa saa za New York, CBS ya Marekani ilirusha episodi ya kwanza ya Beyond the Gates, tamthilia mpya kabisa ya kila siku, na kwa mtu kama mimi niliyelelewa na mama asiyekosa tamthilia zake za mchana hata awe na homa, hiyo ilikuwa siku kubwa. Mara ya mwisho stesheni kubwa ya Marekani kuanzisha tamthilia mpya ya mchana ilikuwa Julai 1999, ilipoanza Passions pale NBC. Mtoto aliyezaliwa siku ile ameshafika miaka 25! Katikati hapo watu tulikuwa tunazika tu, moja baada ya nyingine zinakatwa, hadi mwaka 2022 Days of Our Lives nayo ikaondolewa kwenye runinga ya kawaida ikapelekwa mtandaoni na zikabaki tatu tu kwenye stesheni kubwa. Kwa hiyo mtu akiniambia anaanzisha ya nne mi lazima nisimame nimsikilize.

Na kilichonivuta zaidi sio waigizaji wala zile nguo (ingawa nguo za familia ya Dupree, familia kuu ya hadithi, yani, acha tu), ni nani katoa hela. Nyuma yake kuna ubia wa CBS Studios na NAACP, chama cha zamani cha kutetea haki za watu weusi Marekani, na pembeni yao yuko P&G Studios, mkono wa Procter & Gamble, wale wale watu wa sabuni.

Nimeona wengi wanalalamika eti kampuni ya bidhaa ikiingia kwenye tamthilia basi tamthilia imeuzwa. Mi naomba nibishe, kwa sababu bila hao watu wa sabuni hii aina ya hadithi isingekuwepo kabisa. Mwaka 1930 Irna Phillips alianza kuandika Painted Dreams kwenye redio ya WGN kule Chicago, hadithi ya wanawake na nyumba na maneno ya ndani, kila siku kipande. Mwaka 1933 Procter & Gamble wakaibeba Ma Perkins, tamthilia nyingine ya redio, ili waiuze Oxydol, sabuni yao ya unga, na ile kitu ikadumu redioni mpaka 1960. Hapo ndo watu wakaanza kuziita opera za sabuni. Na ukikaa ukafikiri unaona kwa nini iliwezekana na sabuni na sio, tuseme, na piano. Piano unanunua mara moja maisha yako yote. Sabuni inaisha, wiki hii umenunua wiki ijayo unanunua tena, na anayeamua anunue ipi ni yule yule aliyeko nyumbani mchana anafua na redio iko pembeni. Bidhaa isiyokoma kununuliwa ikakutana na hadithi isiyokoma kusimuliwa, ndoa ikafungwa.

Halafu ikumbukwe hawa hawakuwa watu wa kuleta tangazo lao na kuondoka. Procter & Gamble walikuwa WENYE tamthilia. Waliajiri waandishi, waliajiri waigizaji, stesheni kazi yake ilikuwa kurusha. Guiding Light ilianza redioni 1937, ikahamia runingani 1952, ikamalizika Septemba 2009, miaka 72 jumla, hebu fikiria hadithi moja ya miaka 72. Mwaka uliofuata, Septemba 2010, ikafuata As the World Turns iliyoanza 1956, na hiyo ndo ilikuwa ya mwisho ya watu wa sabuni kwenye runinga ya mchana. Kwa hiyo Beyond the Gates kwao ni kurudi nyumbani baada ya zaidi ya miaka 14. Hata Tamara Tunie, anayeigiza mama mkubwa Anita Dupree, alishawahi kuwa ndani ya As the World Turns, mi nilipomuona pale juu ya ngazi na lile gauni nikajua hawa watu wanajua wanachofanya.

Sasa nieleze kwa nini nasisitiza sana hela, maana watu wengi hawajui kuanzisha tamthilia ya kila siku ni mzigo gani. Tamthilia ya usiku inaweza kuwa na episodi 8 au 10 kwa mwaka, zile za zamani 22, na wakimaliza wanapumzika, wanasoma maoni, wanarekebisha. Ya mchana ni siku tano kwa wiki, mwaka ukiisha unakaribia episodi 250, na kesho lazima uwe na episodi hata kama steringi wako ameumwa. Kuna mwandishi mkuu anayebeba hadithi nzima ya miezi kichwani, chini yake wapo wanaoipasua siku kwa siku nani anakutana na nani, chini yao wapo wanaoandika maneno yenyewe, halafu ikifika studio hawarekodi kwa mpangilio unaouona, wanarekodi sini zote za sebule moja kwa mkupuo, za leo na za keshokutwa, mwigizaji analia hapa kwa jambo ambalo sini yake ya mwanzo hata hajairekodi bado. Kurudia ni mara moja mbili, basi, twende. Studio wanayorekodia iko Doraville, Georgia, kwenye kiwanja kilichokuwa kiwanda cha magari cha General Motors, na mi nilipojua hivyo niliona inafaa sana maana kazi yenyewe ni ya zamu na kila siku lazima kitu kitoke mlangoni.

Hela ya namna hiyo haiwezi kuwa hela ya haraka. Anayetaka faida yake irudi wiki ya tatu asiguse hii biashara, kwa sababu wiki ya tatu mtazamaji ndo kwanza anajua nani ni mke wa nani. Hapa ndo nasema mdhamini wa kweli anapimwa. Si kwa ukubwa wa hundi, bali kwa uvumilivu. Ampe mwandishi miaka.

Maana tamthilia mpya ina shida moja ambayo za zamani hazina, haina kumbukumbu. General Hospital ipo tangu 1963. Mtu akiingia mlangoni pale mtazamaji anakumbuka alimuiba mume wa nani miaka ishirini iliyopita na moyo unadunda kabla hajafungua mdomo. Mpya inatoa wapi huo moyo? Mi nampa saluti Michele Val Jean aliyeibuni hii, ambaye alishaandika General Hospital na The Bold and the Beautiful kwa miaka mingi, kwa sababu hakuanza na watu kukutana. Alianza na vitu vilivyoshavunjika. Dani, binti wa Anita, ameshaachwa, aliyekuwa mume wake Bill anaoa binti aliyekuwa rafiki wa mtoto wao wenyewe, na harusi ndo hiyo inakuja, kwa hiyo episodi ya kwanza unaingia unakuta miaka ya maumivu imeshakaa pale inakusubiri na wewe huna haja ya kuelezwa, unaiona usoni kwa Karla Mosley anayemuigiza Dani. Ile ndo akili, umekopeshwa kumbukumbu ambazo hukuwepo zikitokea.

Na jambo lingine ambalo nalisema kwa moyo wote, ni familia ya watu weusi iliyokaa katikati ya hadithi, sio majirani, sio rafiki wa steringi. NBC walijaribu na Generations mwaka 1989, nusu saa kwa siku, familia ya weusi ilikuwepo tangu siku ya kwanza, ikakatwa Januari 1991, hata miaka miwili haikufika. Val Jean alikuwa miongoni mwa waandishi wa ile. Mtu ameona ile ikikatwa akiwa kijana wa kazi, akakaa kwenye fani miongo mitatu anaandika familia za wengine, halafu amepewa saa nzima yake. Mi nikiwaza hivyo koo linanikaba.

Ila nisije nikaonekana nimeshikwa na sabuni machoni. Upo upande wa kuogopa na naujua. Mwaka 1962 Agnes Nixon alikuwa anaandika Guiding Light, rafiki yake alikuwa amefariki kwa saratani ya mlango wa kizazi, akataka mhusika wake Bert Bauer aende kupima ili wanawake wanaoangalia nao wajue kuna kipimo. Wadhamini na stesheni wakakubali, kwa sharti kwamba asitumie neno saratani, asitaje mfuko wa uzazi, asitaje operesheni ya kuutoa. Fikiria! Uandike habari ya ugonjwa na usiutaje ugonjwa. Akaandika hivyo hivyo, Bert akaambiwa ana seli ambazo si za kawaida, na ujumbe ukafika. Mi hiyo hadithi naisoma kwa namna mbili kila mara. Hela ya sabuni ndo ilimpa Nixon wale wanawake wote wamekaa wanamsikiliza, na hela hiyo hiyo ndo iliyotaka kumfunga mdomo. Aliyeshinda pale ni mwandishi aliyejua anataka kusema nini kabla hajaingia kwenye kile chumba.

Kwa hiyo kama kuna mtu anasoma hapa na anafikiria kuanzisha yake na kampuni fulani imeshamuonyesha tabasamu, mi naomba kitu kimoja tu akikazie kwenye mkataba, nani ana neno la mwisho kwenye skripti. Mengine yote yanajadilika. Bidhaa ikae jikoni haina neno, watu kweli wanafua na wanaosha vyombo, nyumba isiyo na sabuni ndo ingekuwa ya ajabu. Lakini siku mhusika atakapoacha kulia ili asifie povu, mtazamaji hatakasirika hata, atanyamaza tu atabadilisha chaneli, na wa mchana akiondoka harudi, ameshapanga siku yake na kitu kingine. Walioondoka 1995, ile kesi ya mauaji ya O.J. Simpson, nyota wa zamani wa mpira wa Kimarekani, ilipokuwa inarushwa moja kwa moja na kukata vipindi kwa miezi, wengi hawakurudi tena.

Nimesema mama hakosi. Nieleze na hili. Kuna tamthilia aliifuata miaka mingi sana, sitaitaja, siku moja kituo kikaikata ghafla, watu wawili wamesimama mlangoni hawajasemeshana na hadithi ikaishia hapo, kesho yake saa ile ile kuna kipindi cha watu wanaongea kwenye viti. Mama alikaa na rimoti mkononi akaniambia, "Mwanangu, wametoka wakafunga mlango na mimi bado niko ndani." Tangu siku hiyo akasema haanzi nyingine, na kweli hakuanza. Alikuwa mtu wa kukumbuka siku za kuzaliwa za wahusika.

Hii mpya mi ndo nilimlazimisha. Nikamwekea mwenyewe, nikakaa naye episodi za kwanza, hakusema kitu, ila ile sini ya Dani na bunduki harusini nikaona ameshusha kikombe chini. Mwisho akaniuliza swali moja tu, "Na hii watatuachia?" Nikamwambia mama, mi sijui. Akanyamaza.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa kazini sijapata nafasi ya kuangalia, simu ikaita, ni yeye, hata salamu hajatoa ameshaanza kunisimulia nani kamwambia nani nini. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikamwacha asimulie yote.