Kikapu kimoja cha Lille

"Kufungwa ni kufungwa, shemeji. Ishirini na moja au kumi na nane, kuna tofauti gani?"

Shemeji wangu alisema hivyo tukiongelea mpira wa kikapu, huku akiinuka kwenda kunawa, na aliporudi watu walikuwa wameshahamia kwenye maneno mengine. Mnaomfahamu shemeji mnajua hana ubaya, na sidhani kama anaikumbuka sentensi yenyewe. Mimi leo ni siku ya tano. Wiki hii mahari ya mdogo wangu imepokelewa na kazini tumehamishiwa jengo jingine, lakini nikikaa kimya dakika mbili tu, namsikia: kuna tofauti gani?

Yalianza vizuri. D'Tigress, timu ya taifa ya kikapu ya wanawake wa Nigeria, walikuwa wametoka kuchukua kombe la Afrika la 2025 kule Abidjan, 78-64 dhidi ya Mali, la tano mfululizo tangu 2017, nami nikasema kwamba hata Olimpiki ya Paris mwaka 2024 wangeweza kukwepa Marekani kwenye robo fainali laiti wangefungwa na Ufaransa kwa pointi 18 badala ya 21. Ndipo akatamka. Nikajibu "haya." Haya! Basi jibu nililopaswa kutoa ni hili, shemeji.

Kundi B la Olimpiki lilichezwa Lille: Ufaransa, Australia, Nigeria, Canada. Mshindi wa mechi huandikiwa pointi 2 za msimamo, aliyefungwa 1. Timu tatu za kwanza zilimaliza zikiwa zimeshinda mbili na kufungwa moja, yaani 5 kila moja, na Canada ikafungwa zote. Zikilingana hivyo, kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, hazianzi kwa kutazama mechi zote. Canada inawekwa kando kana kwamba haikuwepo, zinabaki mechi tatu za hao watatu wenyewe kwa wenyewe. Nigeria iliifunga Australia 75-62. Ufaransa ikaifunga Nigeria 75-54. Australia ikaifunga Ufaransa 79-72. Kila mmoja kamfunga mmoja na kafungwa na mmoja, kwa hiyo hapo hakuna aliye juu. Kinachofuata ni tofauti ya pointi katika mechi hizo tatu.

Ufaransa: 21 juu, toa 7, inabaki 14 juu. Australia: 7 juu, toa 13, inabaki 6 chini. Nigeria: 13 juu, toa 21, inabaki 8 chini.

Nane chini, sita chini. Australia ya pili, Nigeria ya tatu.

Sasa rudi kwenye ile 21, andika 18. Nigeria inakuwa 5 chini na kuipita Australia. Huo ni mtupo mmoja uliopigwa nyuma ya mstari wa mita 6.75, basi. Na kusema kweli hata pointi mbili zingetosha. Kwa kufungwa 19, Nigeria na Australia zote zingekuwa 6 chini, na Ufaransa ikishapewa nafasi yake ya kwanza, kanuni inaanza upya kwa hao wawili waliobaki, na baina yao Nigeria ndiyo iliyoshinda. Kikapu kimoja cha kawaida. Tena ukihesabu mechi zote za kundi pamoja na ya Canada, Nigeria ilikuwa 1 juu na Australia 1 chini! Silalamikii kanuni, ilikuwepo kabla ya mpira wa kwanza kurushwa na ni ileile kwa wote. Nalia na kikapu.

Tofauti yake ni hii. Waliofuzu wakiwa wa tatu walipangiwa washindi wawili bora wa makundi, Marekani na Hispania, wala hapakuwa na njia nyingine. Australia, kwa kuwa wa pili, ikakutana na Serbia, ikashinda 85-67, na ikarudi nyumbani na shaba. Nigeria ikaangukia Marekani.

Na kufikia siku ya mwisho ya makundi, Ubelgiji walikuwa wameshafungwa na Ujerumani kwa 14 na Marekani kwa 13, wakawa wanahitaji kuishinda Japani kwa 27 ili wamalize juu ya China, wa tatu wa kundi jingine waliyegombea naye nafasi ya mwisho ya robo fainali, bila ubishi. Wakashinda 85-58. Hesabu mwenyewe. Ni 27 kamili, haikuzidi hata moja, China wakafunga mabegi na Ubelgiji wakafika nusu fainali. Timu ile ilijua inachotafuta kwenye ubao.

Tatizo ni kwamba Nigeria ilicheza na Ufaransa tarehe 1 Agosti, na ile mechi ya Australia na Ufaransa iliyokamilisha hesabu ilikuwa tarehe 4. Huwezi kujua mapema ni kikapu kipi kitakachohitajika. Kwa hiyo inabidi mechi iliyokwishapotea ichezwe kama ambayo haijapotea, na hilo ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu za kiufundi kabisa.

Timu ikiwa nyuma kwa 18 na dakika tatu zimebaki, mikono inawasha. Saa ya shambulizi inatoa sekunde 24, lakini mtu anarusha mtupo wa mbali sekunde ya sita, kabla wenzake hawajakaa chini ya kikapu. Mtupo wa mbali ukikosa, mpira hudunda mbali. Rebaundi, yaani huo mpira uliodunda, inaangukia kwa mpinzani aliye tayari ameelekea upande wa pili, na kwa sekunde nne ile 18 imekuwa 20. Dawa yake ni wachezaji wawili kubaki nyuma kila mtupo unapopigwa, hata kama inamaanisha kukosa rebaundi ya kushambulia. Ukiipata hiyo rebaundi, kumbuka saa inarudi kwenye 14, si 24. Wengi huharakisha bila sababu, ilhali 14 zinatosha kuutoa mpira nje na kuupanga upya.

Halafu faulo. Nne za timu ndani ya robo zinavumilika, lakini kuanzia ya tano mpinzani anapewa mitupo huru miwili hata kama hakuwa anarusha. Aliyechoka hushika jezi, na hapo umegawa pointi huku saa imesimama.

Na kuna mwisho wa robo, ambao hutokea mara nne kwenye mechi moja. Ukipata mpira zikiwa zimebaki sekunde 38, maliza shambulizi lako kwenye 30. Mpinzani akitumia zake 24 zote, unabaki na kama sita za kurusha tena. Ukiulaza mpira hadi saa yako ya shambulizi iishe, umejinyima mtupo mmoja. Fanya hivyo robo zote nne uone kama pointi tatu hazipatikani. Ndiyo maana kocha msaidizi mzuri hukaa na karatasi ya tofauti za pointi magotini, akamwambia kocha mkuu kila inapobadilika, hata pale jukwaa limeshaanza kuondoka.

Ufaransa wenyewe walipoteza dhahabu kwa 67-66, kwa sababu mguu wa Gabby Williams ulikanyaga mstari kwenye mtupo wa mwisho na ikahesabiwa mbili badala ya tatu. Kawaulize wao kama kufungwa ni kufungwa.

Hayo niliyaandika jana usiku na nikalala nimekunja uso. Asubuhi nikapiga mswaki nikimjibu tena, na katikati ya kumjibu nikaikumbuka Antwerp.

Februari 2024, mashindano ya kufuzu Olimpiki. Marekani 100, Nigeria 46. Tofauti ya 54. Siku mbili tatu zile ungedhani Paris ni ndoto, kisha wakaifunga Senegal 72-65 na tiketi ikapatikana. Tarehe 7 Agosti, mwaka uleule, robo fainali ukumbi wa Bercy, Paris, Marekani ileile: 88-74. Kumi na nne! Pointi 40 zimepungua ndani ya miezi sita. Shemeji angeziandika mechi hizo mbili kwa herufi moja, na angekuwa amekosa jambo zuri kuliko yote ya mwaka ule.

Maana hawa ni akina dada waliofungwa zote tatu Tokyo, ambao Olimpiki hawakuwa wameonja ushindi tangu Athens 2004. Wakaja chini ya kocha Rena Wakama na presha ya uwanja mzima: mpinzani ana sekunde nane tu za kuvusha mpira katikati, nao wanamkaba kuanzia kwenye kurusha, wawili kwa mmoja pembeni, kisha wanabadilishwa kabla miguu haijaisha. Australia walipoteza mpira zaidi ya mara 20 siku walipofungwa na Nigeria. Canada walifungwa robo ya tatu 23-5. Ikawa timu ya kwanza ya Afrika, wanaume au wanawake, kucheza robo fainali ya kikapu kwenye Olimpiki, na Wakama akatajwa kocha bora wa mashindano. Nimetabasamu mwenyewe mbele ya kioo, povu mdomoni.

Kombe la Dunia la 2026 ni Berlin, makundi manne ya timu nne nne. Nigeria imeshafuzu kupitia Abidjan. Mwaka 2018 kule Tenerife waliingia robo fainali kwa kuifunga Ugiriki 57-56. Nimeliandika hilo kwenye karatasi ya kumpa shemeji Jumapili, pamoja na ile hesabu ya Lille, nimeiandika kwa kalamu nyekundu.