Ukuta Mnene wa Upande wa Bahari

Nyumba yetu ya Mabatini, kama nyumba nyingi za vilima vya Mwanza, imekaa juu ya majabali. Marehemu baba, aliyekuwa mwashi, aliujenga msingi wake kwa mawe mapana upande wa bondeni na kuupunguza upande wa mlimani, kwa kuwa, alivyotueleza, mawe huwekwa mahali penye kazi. Kauli hiyo ndiyo iliyonivuta kusoma habari za minara ya Martello ya Uingereza, yaani ngome ndogo za mviringo za kulinda pwani.

Asili yake ni mnara wa mawe wa karne ya 16 katika rasi ya Mortella, kisiwani Corsica. Februari 1794 manowari mbili za Kiingereza, Fortitude yenye mizinga 74 na Juno yenye 32, ziliupiga kwa zaidi ya saa mbili, lakini mnara uliokuwa na Wafaransa 33 tu haukutetereka, na Fortitude ikajiondoa ikiwa imeungua na kupoteza watu. Ulisalimu amri pale tu mizinga iliposhushwa nchi kavu. Waingereza walilikosea jina, Mortella ikawa Martello, ila umbo lake hawakulisahau: Napoleon alipotishia kuwavamia, walijenga minara 103 katika pwani za kusini na mashariki, kazi iliyokamilika mwaka 1812.

Kinachonistaajabisha ni mpango wa kuta zake. Kwa mbali mnara huonekana duara kamili, kumbe chumba cha ndani kimesogezwa kuelekea nchi kavu, hata ukuta unaoikabili bahari ukafikia unene wa takriban mita 4, na ule wa nyuma karibu nusu yake. Uso wake wa mviringo, unaoinamia ndani kadiri unavyopanda, uliifanya risasi ya mzinga iteleze badala ya kugonga sawasawa. Chini palikuwa na baruti na akiba ya chakula. Juu yake walilala askari 24 na ofisa wao, na mlango wao ulikuwa huko juu, upande wa nchi kavu, ili ngazi ikiondolewa adui asipate pa kupandia. Katika minara ya kusini, nguzo moja nene ya katikati ilibeba dari la tao, na juu ya paa mzinga mmoja uliweza kuzungushwa pande zote.

Napoleon hakuja, na wapo wanaoiita minara hiyo hasara. Sikubaliani nao, kwa sababu ngome inayomfanya adui ahesabu gharama ya kutua ufukweni imekwisha kufanya kazi kabla ya kufyatua risasi. Kilichoishinda ni silaha mpya: mwaka 1860 mizinga ya Armstrong, yenye mitutu ya mifuo, yaani mifereji ya ndani inayoizungusha risasi, ilijaribiwa juu ya baadhi yake, na matofali yakaporomoka.

Mnara namba 24 wa Dymchurch, katika pwani ya kusini ya Uingereza, umehifadhiwa. Nikijaliwa kufika, nitaupima ukuta wake kwa kamba ya baba, nikianzia upande wa bahari.